Tuta la Yatima

20 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Na mkaza mjomba umfikishie shikamoo yake kabla hujasoma zaidi, maana nakujua, mkeo anaweza kukaa mbele yako na chai ikapoa ukiwa umezama kwenye karatasi. Mimi ni mzima. Chumba nilichohamia kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe unapata jua asubuhi, kwa hiyo siulaumu. Nimesikia simu yako imezama kwenye pipa la kumwagilia na hutaki nyingine. Basi tutaandikiana.

Lililonileta ni hili. Ndani ya kifurushi kuna pakiti ya unga mweusi. Usiuanike juani. Ule si unga tu, umejaa bakteria hai, wale wanaoingia kwenye mizizi ya miti ya jamii ya kunde na kuiotesha vinundu. Mti unawapa sukari, na wao wanachukua nitrojeni ya hewani na kuugeuzia mti chakula. Mche wenye vinundu vya kutosha hauulizi mbolea ya dukani. Hapa maabara tumefuga aina nyingi, na wangu mimi anaitwa Kumi na Nne. Nimekaa naye miaka mitatu. Mwezi wa saba kamati itachagua aina moja ya kutengenezwa kwa wingi na kugawiwa vitalu vyote. Kumi na Nne akishindwa anamwagwa, na miaka yangu mitatu inamwagwa naye. Kwenye chupa kila bakteria ni hodari. Nataka nimwone kwenye kitalu cha kweli, na kitalu cha kweli ninachokijua ni chako.

Tafuta udongo wa chini kabisa, pale wanapochimba msingi wa nyumba, ambao haujawahi kuota mti wa namna hii. Jaza viriba vya miche mia mbili, upange matuta mawili yaliyo mbalimbali ili maji ya moja yasitiririkie jingine. Mbegu zimwagie maji ya moto kama kawaida yako, uziache zilale humo mpaka zipoe. Nasema zipoe, mjomba. Ukipaka unga zikiwa za moto utakuwa umewapika bakteria wangu. Za tuta la kwanza zipake unga kwa maji ya sukari, kivulini, upande siku hiyo hiyo. Za tuta la pili usizipake kitu. Na kote kuwili hakuna samadi, hakuna mbolea, hata punje. Pima urefu kila wiki kwa rula. Ikifika wiki ya kumi na mbili, ng'oa miche ishirini kila tuta, osha mizizi, uhesabu vinundu.

Najua kung'oa mche mzima ni mtihani kwako. Nivumilie.

Mpwa wako

12 Februari

Daktari wa Matope, mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya mkaza mjomba wako, ambaye yuko hapa begani anahakikisha nimeiandika. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linalalamika asubuhi, mchana linasahau. Bati la kibanda cha miche tumelipigilia upya. Mkaza mjomba wako bado analia na kile kijiko chake kirefu cha chuma kilichopotea siku tuliyomzika mama yako. Mwaka wa nne huu. Kila aliyekuja kutupa pole siku ile ameshashukiwa mara moja, wengine mara mbili.

Pakiti ilifika. Aliiweka kabatini kando ya unga wa ngano. Nikamwambia, mama, siku tukila mkate mweusi tutaota vinundu humu ndani. Sasa iko peke yake kwenye kopo, chini ya mtungi, penye ubaridi.

Mbegu nilipanda tarehe mosi, na zilipoa, usinifundishe kazi yangu. Zimeota zote isipokuwa sita. Udongo niliutoa kwenye msingi wa duka jipya, mwekundu, mkavu, hauna hata mnyoo. Tuta la unga liko karibu na kibanda, nimeliita Tajiri. La pili liko mbele, kando ya geti, kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Nimeliita Yatima.

Nikuulize kitu, mpwa wangu. Hao mia wa pili wamekosa nini? Wote mbegu za mti mmoja, wote wameamka siku moja, halafu mmoja anapewa mwenzake ananyimwa. Nikipita na kopo la kumwagilia roho inanisuta. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ameniuliza kama nimeanza kubagua. Nikamwambia ni amri ya serikali ya mpwa wangu.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Goti lipake mafuta ya moto, usingoje lilalamike na mchana. Hapa nimepata jirani anayepiga mluzi wimbo mmoja tangu saa kumi na mbili asubuhi, na sasa naujua kuliko yeye.

Nilicheka kusikia umewapa majina, kisha nikaogopa. Kwa hiyo naandika neno moja tu leo na ulisome polepole. Usimhurumie Yatima. Yeye ndiye shahidi wangu. Akidhoofu na Tajiri akanawiri, kamati itajua ni kazi ya Kumi na Nne. Wakifanana, itajua Kumi na Nne hakufanya lolote. Ukimhurumia yeye, unaniangusha mimi.

Akigeuka wa manjano, mwache awe wa manjano. Ukiona aibu, mpe mgongo.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Utasema kimya kingi kina mshindo, lakini hakuna mshindo wowote, ni kazi tu. Mvua zilikuja zikaondoka na kona ya uzio. Goti halijambo, yale mafuta yamesaidia. Mkaza mjomba wako amejinunulia miwani na sasa anaona vumbi ambalo miaka yote tuliishi nalo kwa amani. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameagiza miche ya kuzungushia uwanja, anataka miti ya kivuli kabla watoto hawajaungua. Fundi cherehani ameshona mapazia. Mimi nimenyoa ndevu.

Namba zako ni hizi. Wiki ya kumi na mbili, Tajiri sentimita thelathini na moja, Yatima ishirini na tisa. Vinundu, kwa wastani kila mche, Tajiri ishirini na mbili, Yatima ishirini na moja. Rula ni ile ile na aliyehesabu ni mkaza mjomba wako na miwani yake.

Matuta yote yanapendeza. Watu wanasimama kuyatazama.

Basi, sina la zaidi.

Mjomba wako

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimezipokea namba, ahsante, na ahsante kwa mkaza mjomba kwa kuhesabu.

Mkuu wa maabara amezitazama. Tuta lisilopakwa likiwa na vinundu sawa na lililopakwa, hakuna cha kubishana. Kumi na Nne ameondolewa kwenye orodha ya mwezi wa saba. Mimi nitahamia kwenye chumba cha kuoshea chupa mpaka wanipangie kazi nyingine.

Si kosa lako. Pengine udongo wa msingi ule ulikuwa na bakteria wake. Hutokea.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Leo salamu fupi, maana la kuvunda halina ubani. Barua yako mkaza mjomba wako aliisoma kabla yangu, akaiweka kwenye sahani yangu penye chakula. Akasema, "Utakula ukishaandika." Kwa hiyo naandika na njaa.

Yatima nilimlisha.

Ilikuwa tarehe tano Machi. Alikuwa amegeuka wa manjano wiki nzima, majani yamelegea, na yuko pale getini kila anayepita anamwona. Mwalimu mkuu alisimama akaniuliza kama siku hizi nakuza bizari. Miaka thelathini, mpwa wangu, watu wa barabara hii wananijua kwa kijani. Roho haikunipa. Nikachukua karai, nikaenda nyuma ya bomba, nikachota udongo wa chini ya ule mti wa mama yako, nikatia kiganja kimoja kila kiriba, nikamwagilia. Ndivyo tulivyofanya kila msimu tangu zamani, mkono umeshazoea. Wewe ulikataza samadi, ukakataza mbolea. Udongo hukuutaja. Nilijiona mjanja.

Barua yako ya kunikataza ilifika siku kumi na tano baadaye, ikakuta maji yameshamwagika. Nilipoisoma nikaelewa nimefanya nini. Nikasema nitaandika kesho. Kesho ikawa mwezi, na Yatima akawa anazidi kupendeza, na mimi nikitaka kumtazama naona haya. Mwishowe nikakuandikia namba bila maneno. Namba zilikuwa za kweli, mwongo ni mimi.

Mpe mkuu wako barua hii. Mwambie una mjomba mpumbavu lakini una kazi nzuri. Chupa usizioshe wewe, nije nizioshe mimi.

Mjomba wako

Mwanangu, hapa ni mimi, mkaza mjomba. Sasa amekula. Miche mimi ndiye niliyeing'oa, yeye alisimama nje ya kibanda kama mtu anayesubiri daktari atoke. Mkasirikie, ni haki yako, ila usikawie sana. Hapati usingizi, na wangu ananikosesha.

25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo mkaza mjomba.

Nilikasirika. Nilikuandikia barua tatu nikazichana zote tatu. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Siku nne nilikuwa nikiosha chupa na kukutukana kimoyomoyo, na jirani naye akiendelea na mluzi wake. Uliniachia wiki tatu nzima niamini kwamba miaka yangu mitatu ilikuwa bure. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko udongo.

Kisha nikaisoma tena ile yako ya karai, nikakaa nayo kitandani muda mrefu. Nikampelekea mkuu, nikamweleza na jambo jingine moja. Huyu mkuu hacheki. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, "Mwambie arudie. Safari hii matuta matatu: la unga, la udongo wa mti ule, na lisilo na kitu kabisa. Kamati inakaa tena Novemba."

Kwa hiyo nakuomba urudie. Pakiti mpya iko humu. Yatima mweke nyuma ya kibanda asikoonekana, ili usijaribiwe. Na unitumie mizizi michache ya Yatima wa kwanza, uifunge kwenye karatasi yenye unyevu. Niambie pia jambo moja kwa hakika. Mti ambao ulichota udongo wake ni ule ule ulio nyuma ya bomba, ambao mama aliupanda mwenyewe? Nina sababu ya kuuliza. Nitakuambia wakati wake.

Mpwa wako

8 Oktoba

Daktari wangu,

Marahaba, marahaba. Nilikawia kwa makusudi, sikutaka kuandika neno mpaka niwe na namba za kuapia.

Kwanza, Yatima sikumficha. Nyuma ya kibanda hakuna anayeniona, na mimi nimeshajijua. Nilimrudisha pale pale getini nikamtundikia ubao: HUYU HAUMWI. AMEKATAZWA CHAKULA NA MAABARA. Ikawa kichekesho cha barabara nzima. Mwalimu mkuu alileta darasa zima la watoto waje wausome. Kufikia wiki ya tano Yatima amekuwa wa manjano kiasi kwamba hata mbuzi anapita bila kugeuka. Kuna mama mmoja muuza mkaa, alimwonea huruma, akaja na kopo la samadi. Fundi cherehani aliacha mashine ikizunguka akavuka barabara kumzuia. Yaani Yatima alilindwa kuliko benki. Nami kila asubuhi namwagilia, namwambia vumilia baba, si mimi.

Safari hii niliing'oa mwenyewe. Ishirini, ishirini na ishirini. Kwa mche wa kwanza mkaza mjomba wako alinishikia beseni. Tajiri, sentimita thelathini na tatu, vinundu ishirini na tatu. Wa udongo wa mti, thelathini na mbili, vinundu ishirini na tatu pia. Yatima, sentimita kumi na moja, kinundu kimoja kwa miche ishirini yote, nacho kidogo kama kichwa cha pini. Kimoja cha Tajiri nilikipasua kwa ukucha, ndani ni chekundu kama ufizi wa mtoto. Nilikuwa sijawahi kupasua. Miaka thelathini nakuza miti na sikujua ndani mna rangi hiyo.

Uliuliza kuhusu mti. Ndio huo huo. Mama yako aliupanda mwaka tulioanza kitalu, tukiwa na makopo mia mbili na karai moja la kuazima. Alikuwa akisema mche ukipandwa bila udongo wa mti mzima unakua na upweke. Mimi nilikuwa namcheka dada yangu, nasema udongo ni udongo. Tangu tumzike sijapanda hata mbegu moja bila kwenda kuchota pale. Hizo mia za kwako zilikuwa za kwanza kunyimwa, na nilishindwa. Ndiyo sababu yenyewe, mpwa wangu. Ile ya mwalimu mkuu na bizari ni kweli, lakini ilikuwa sababu ndogo.

Mjomba wako

14 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, na umwite mkaza mjomba, hii inawahusu wote wawili.

Kamati imempitisha Kumi na Nne. Ilikuwa jana saa tano. Walitazama namba zako, wakatazama picha ya ubao uliyotuma, mmoja akauliza kama kuna uhakika kwamba tuta la tatu halikuguswa. Mkuu akasimama akasema lililindwa na barabara nzima. Wakacheka wakaweka sahihi. Jirani alikuwa anapiga mluzi niliporudi, nikaitikia.

Sasa lile nililosema nitakuambia. Siku tuliyomzika mama, mlipokuwa mbele mnapokea mikono ya watu, mimi nilishindwa kukaa. Nilipita jikoni, nikachukua kitu cha kwanza nilichokiona, nikaenda nyuma ya bomba nikapiga magoti chini ya mti wake. Nilichimba mpaka kwenye mizizi. Sikujua natafuta nini. Nilikata mizizi mitatu yenye vinundu nikaitia kwenye kopo la dawa, nikaondoka nayo bila kumwambia mtu. Niliona haya. Wote wanalia, mimi nachimbua.

Kumi na Nne alitoka kwenye mzizi mmoja wa hiyo mitatu. Kwenye daftari la maabara ameandikwa namba tu, maana kule haturuhusiwi kumpenda mmoja kuliko wengine, nami sikutaka mtu aseme nampigania kwa sababu ya mama. Uliposema umemlisha Yatima kwa udongo wa mti ule, nilielewa pale pale kwa nini namba zililingana. Ile mizizi uliyonitumia tumeilinganisha. Ni wale wale, mjomba. Ulimtilia Yatima kile kile nilichompa Tajiri. Wewe ulitumia karai, mimi nikatumia pakiti, na aliyetupa wote wawili ni mama.

Karai haliwezi kutumwa kwa posta, pakiti inaweza. Kwa hiyo mwakani vitalu ambavyo hakuvijua vitapanda na udongo wake, na hakuna mche utakaokua na upweke.

Mkaza mjomba, kitu cha kwanza nilichokiona jikoni kilikuwa kijiko chako kirefu. Kimekaa mezani kwangu maabara miaka yote hii, ndicho ninachochotea unga. Kimo ndani ya kifurushi, nimekichemsha. Waombe radhi wageni wote uliowashuku.

Mjomba, jaribio limekwisha. Yatima sasa ana ruhusa ya kula.

Mpwa wako

3 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako aliisoma mkaza mjomba wako kwa sauti, maana miwani iko kwake, na alipofika kwenye kopo la dawa akanipa mimi nimalizie. Nami sikuweza. Tukamwita fundi cherehani atusomee sisi wawili, akasoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akarudi kwenye mashine yake bila utani wowote.

Kijiko kimefika. Hakuna aliyeombwa radhi bado, orodha ni ndefu. Ila jikoni hakijarudi. Siku kilipofika nilikichukua nikaenda nacho nyuma ya bomba, na karai safari hii nililiacha. Nilimzungukia Yatima kiriba kimoja kimoja, kijiko kimoja cha udongo kila mche, na mkaza mjomba wako nyuma yangu na kopo la maji. Ilituchukua asubuhi nzima. Ubao nimeung'oa, watoto wa mwalimu mkuu wamelalamika.

Jana kulipokucha nilihesabu miche yake themanini iliyobaki. Kumi na saba imeanza kurudi kijani, kuanzia jani la juu.

Mwalimu mkuu amekuja kuchukua oda yake, nimempa ya Tajiri na ya udongo, mizuri kuliko yote niliyowahi kutoa getini. Alimnyooshea kidole Yatima, akauliza na hii je. Nikamwambia hii haiuzwi. Nitaipanda nyuma ya bomba, kuuzunguka mti wa dada yangu, na nafasi ya mmoja nimeiacha wazi uje uipande mwenyewe. Kijiko utakikuta pale pale, nimekichomeka ardhini kuonyesha mahali.

Mjomba wako